Mlango wa Kisimani

Mwanamke wa Unguja hanunui nyumba, hununua jirani. Nyumba ni nyongeza tu. Hivyo ndivyo Rahila alivyofunzwa na mama yake, na hivyo ndivyo alivyokusudia kufanya mwaka ule wa 1970, Sleyum mumewe alipokuja na habari kuwa kuna nyumba inauzwa Darsait, kule Omani.

Na alikuwa na haja nayo, wallahi. Miaka sita walikuwa wakikaa Mutrah katika chumba kimoja juu ya ghala la tende, wao wawili na binti yao Kheiria, pazia katikati. Choo walishirikiana na familia nne, na Rahila alishawahi kugombana na kila mmoja kwa ajili ya zamu. Walikuja kutoka Unguja mwaka wa 64, wakiyakimbia mapinduzi, na walichoweza kukibeba: nguo za mwilini, sahani moja ya bati yenye maua ya waridi, na vikuku vya dhahabu vya Rahila vilivyoshonewa ndani ya pindo la kanga. Tangu siku ile hakuwahi kufunga mlango ukawa wake. Wengine huomba mali, wengine huomba afya. Yeye akisali alikuwa akiomba mlango wa kufunga.

Sasa mambo yalikuwa yamebadilika. Serikali mpya ilikuwa ikitafuta watu wanaojua Kiingereza na mashine ya kuandika, na Sleyum akapata kazi ya ukarani. Vikuku vikatolewa kwenye pindo. Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo na chokaa, vyumba vitatu, ua mpana, na ndani ya ua kisima cha maji matamu. Mwenyewe Ghanim, mfanyabiashara wa pale pale Darsait, hakutaka bei kubwa.

Ila ilikuwa na ila yake. Nyuma ya ukuta wa ua palikuwa na safu ya vijumba sita vya wakfu. Tajiri mmoja wa zamani aliviacha kwa ajili ya Mungu, wakae humo bure wajane na mafukara wasio na pa kwenda, na mpaka siku ile wajane na mafukara ndio waliokuwamo. Mutrah nzima ikawa na la kusema. Ati wezi. Ati wachawi. Ati kuku wao hulala vitandani mwa watu. Rahila akimuuliza mtu, "Wewe umewahi kufika?" basi hapana aliyewahi kufika. Hivyo ndivyo watu walivyo, husimulia sana wasikokufika.

Wakaenda kuitazama, Rahila na Sleyum, na Aflah akafuatana nao. Aflah alikuwa kaka mkubwa wa Sleyum, mzee wa miaka sitini na kitu. Unguja alikuwa na nyumba ya ghorofa mbili mtaa wa Vuga, na roho yake ilikuwa bado inakaa mle ndani, japo mwili ulikuwa Mutrah ukidaiwa zamu ya choo kama miili mingine. Neno lake katika familia lilikuwa halipingwi, na mwenyewe alilijua hilo mno.

Ghanim akawatembeza. Vyumba vizuri. Dari nzima, boriti za mnazi hazijaliwa na mchwa. Rahila alipita akigusa milango mmoja mmoja, hata akaona haya. Walipofika uani wakaona, kwenye ukuta wa nyuma, kijimlango kifupi cha mbao chenye komeo la chuma upande wa ndani. Komeo lilikuwa limefunguliwa.

"Hapo hupita watu wa wakfu kuja kuteka maji," Ghanim akasema kwa Kiarabu. "Kwao maji ni ya chumvi. Lakini nyumba ikishakuwa yenu, pigeni komeo tu. Nami ntakuleteeni mwashi auzibe kwa mawe, kwa gharama yangu."

Ghanim hakujua Kiswahili, basi wenyewe wakajiachia. Ndiyo tabia yetu Wazinjibari, wala msinambie hamuijui: tukiwa mbele za watu na tukataka kusengenya, hujitupa ndani ya Kiswahili tukadhani tumejifungia chumbani.

"Nyumba nzuri," Aflah akasema, tena kwa sauti ya kuhutubia. "Lakini kila alfajiri utawakuta wajakazi wa watu wamejaa uani kwako na mitungi, wanakuchungulia mpaka ndani ya chungu. Watu wa sadaka hawa, Rahila. Leo watakuomba chumvi, kesho watakwiba mpaka kamba ya kuanikia nguo."

Rahila aliona nyumba inamponyoka. Aflah akisema hapana, Sleyum hatathubutu kusema ndiyo. Kwa hiyo akasema upesi, bila ya kulipima neno: "Basi nyamaza, shemegi, usituharibie. Tukishahamia tutauziba huo mlango, na hao watajua wenyewe pa kwenda kutafuta maji."

Aflah akaridhika. Wakatoka kupitia kijimlango kile kile, kwa kuwa Ghanim alitaka kuwaonyesha mpaka wa ukuta. Nje yake, juu ya jiwe, alikuwa amekaa bibi mmoja mzee mweusi, mtungi mapajani, akingojea wanaume waondoke apate kuteka. Rahila akamsalimu kwa Kiarabu. Bibi akaitikia kwa Kiarabu, macho yake yako chini.

Lakini Rahila hakuwa amesahau mafunzo ya mama yake. Kabla ya kutoa dhahabu ilibidi ajue watu wenyewe ni watu gani, na kwao Unguja njia ya kumjua mtu ni sahani. Unampelekea jirani kitu, kisha unatazama sahani inarudi vipi. Sahani ya jirani hairudi tupu. Mtu hata akiwa hana kitu atatia vipande viwili vya sukari, atatia kijiti cha mrehani, almuradi sahani isione haya njiani. Kesho yake Rahila akakaanga visheti, akavitia katika ile sahani ya maua ya waridi, akaenda nayo kwa miguu mpaka Darsait. Mlango wa kwanza wa wakfu ukafunguliwa na bibi yule yule. Akaipokea sahani, akamwombea Mungu kwa maneno mawili, akaufunga mlango.

Siku ya tatu mwanamke mmoja wa huko, aliyekuwa akija Mutrah kuuza mayai, akaipitisha sahani. Imeoshwa ikang'ara. Na tupu, haina hata jani.

Aflah alicheka mpaka akakohoa. "Si nlikwambia? Fadhila za punda hizo. Watu hawana hata adabu ya sahani, na wewe ulikuwa ukienda kuwakaangia visheti."

Rahila hakucheka. Sahani ile ilipita bahari haikuvunjiwa heshima, ije ivunjiwe Darsait? Akajifunga buibui lake, akaenda kuuliza. Kwa ustaarabu wa mtu mwengine angeliyameza, lakini Rahila hakuumbwa na koo la kumeza mambo.

Bibi akafungua mlango. Rahila akaanza kwa Kiarabu, sabalkheri za harakaharaka, na kabla hajafika kwenye shutuma yake bibi akamkatiza.

"Karibu ndani, mwanangu. Ukae. Umetoka mbali na jua kali."

Kwa Kiswahili. Kiswahili safi, cha zamani kidogo, kama walivyokuwa wakisema bibi zake Rahila. Rahila akakaa.

"Mama yangu alikuwa mtu wa Mrima, pwani ya bara," bibi akasema. "Aliletwa huku mtoto, wala hakuletwa kwa kupenda kwake. Hakuja na kitu ila Kiswahili chake, na ndicho alichonirithisha. Mie naitwa Bakhita."

"Basi ulisikia," Rahila akasema.

"Nlisikia yote. La yule bwana sikulijali. Wa namna yake nnawajua tangu kuzaliwa kwangu, wakisema tusipokuwapo na tukiwapo. La kwako ndilo lililoniuma."

Rahila akaikodolea macho sahani iliyokuwa mkononi mwake. Alikuwa amekuja nayo iwe ushahidi, na sasa hakujua pa kuificha.

"Nami sahani ya jirani siirudishi tupu," Bi Bakhita akaendelea, taratibu, bila ya kupandisha sauti. "Lakini wewe hukuniletea sahani ya jirani. Uliniletea ya kupelelezea. Ulikuja kutujua kabla hujanunua, na si vibaya, kila mwenye akili hufanya. Nasi tulikuwa tukikupeleleza wewe. Yule muuza mayai tulimtuma atuulizie Mutrah. Akaja kutwambia unashona vizuri, binti yako ana heshima, na wewe una mdomo lakini huna hila. Tulikuwa tushaanza kukupenda, mwanangu. Ndipo ukasema tutajua wenyewe pa kwenda kutafuta maji."

Hapo Rahila angelitamani atukanwe. Matusi angeliyajibu.

Akainua macho asimtazame bibi, akaliona paa. Makuti yalikuwa yameoza pembe nzima, na tundu limezibwa kwa gunia. Bi Bakhita akayafuata macho yake.

"Wakfu huu ulikuwa na shamba la karafuu, Pemba," akasema. "Mwenyewe aliyeujenga ndivyo alivyoandika. Karafuu zikivunwa kule, huku huja fedha ya paa, na ya unga, na ya sanda kwa anayekufa. Tangu utoto wangu ilikuwa hivyo. Ule mwaka mliofukuzwa nyinyi, shamba likachukuliwa, na huku hakikuja kitu tena. Kwa hiyo yaliyokutoeni kwenu ndiyo yaliyotutoboa paa. Nami nlipoambiwa wanakuja Wazinjibari kununua, nlifurahi. Nlisema, hawa wanajua."

Rahila alikuwa hajui. Katika miaka sita ya kuililia nyumba yake haikumpitikia hata siku moja kuwa kuna paa jengine lililoanguka siku ile ile, mbali na yale ya jamaa zake. Akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya buibui, akauliza swali lililokuwa likimkera tangu mwanzo: kwa nini Ghanim anauza rahisi hivi, na kwa nini yeye ndiye mwenye hamu ya kumleta mwashi?

Bi Bakhita akacheka kwa mara ya kwanza. "Sasa unauliza la maana. Marehemu baba yake Ghanim alikuwa mtu wa haki. Aliapa mbele ya watu, msikitini, kwamba madamu nyumba ile imo mikononi mwa watu wake, mlango wa kisimani haufungwi. Ghanim ana mitende yake hapo nyuma yetu, na wanasema barabara itapita, ardhi ipande bei. Anataka tuhame. Na bila ya maji tutahama, hapana haja ya kutufukuza. Lakini mwenyewe hathubutu kuufunga, kiapo cha baba yake kinajulikana na wazee wote. Basi anauza. Anatafuta mgeni wa kumfungia. Halafu watu wakilaumu, watasema: Wazinjibari hao, wamekuja jana, leo wamewanyima maji wajane."

Rahila alishawahi kufukuzwa nyumbani kwake na mikono ya watu waliotumwa na watu. Aliwajua wale waliotumwa. Hakupata kudhani kuwa siku moja atatafutwa yeye awe mkono.

"Nisamehe, Bi Bakhita," akasema.

"Maneno yako nshayasikia mara moja," bibi akajibu. "Mengine sina haja nayo."

Jioni ile, chakula kilipokwisha kuondolewa, Rahila akasema mbele ya Sleyum na Aflah kuwa nyumba atainunua, na mlango wa kisimani utabaki wazi. Akawaeleza yote, la Ghanim na la kiapo na la karafuu. Sleyum alikuwa akimenya chungwa. Aflah akasikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kama hakusikia.

"Sisi hatukai ukuta mmoja na watu wa sadaka. Una binti wa kuoza. Watu watasema nini?"

"Shemegi, tulipoteremka hapa, chakula cha kwanza tulichokula kilikuwa cha nani?"

Aflah akaanza kuvuta tasbihi yake.

"Wali ule uliletwa na watu tusiowajua, kwenye sinia, kwa ajili ya Mungu. Ulikula. Nami nlikula. Ukaomba uongezwe, wala hukufanya vibaya, ulikuwa na njaa. Basi watu wa sadaka ni sisi. Tofauti yetu na wale, wao walirithishwa ufukara na sisi tumeuonja tu, tunataka kujifanya hatujui ladha yake."

"Ukiuacha wazi ule mlango," Aflah akasema, "mimi nyumba ile sikanyagi kizingiti chake."

"Vikuku ni vyangu, na kizingiti kitakuwa changu. Ukija, tutakutandikia mkeka mzuri. Usipokuja, kizingiti hakitakulilia."

Katika familia ile hapana aliyewahi kumjibu Aflah hivyo. Rahila akamtazama mumewe. Sleyum akagawa chungwa, nusu akampa kaka yake. "Kula, kaka," akasema. "Mie hati ya nyumba ntakwenda kuisoma neno kwa neno. Kazi yangu ndiyo hiyo siku hizi." Hakusema zaidi, lakini kwa Sleyum hiyo ilikuwa vita.

Kwa kadhi walikuwapo Ghanim na mashahidi wawili, na wazee wengine watatu waliokuja kwa mambo yao na kukaa kusikiliza ya wenzao. Mwandishi akaandika hati. Sleyum akaisoma mpaka chini, akasema imepungua sharti moja, na mkewe atalisema mwenyewe.

"Iandikwe," Rahila akasema, "kwamba mlango wa kisimani ni haki ya watu wa wakfu, na haufungwi na mimi, wala na mtoto wangu, wala na yeyote atakayeinunua nyumba hii baada yetu."

Ghanim akaruka. Hakuna sharti kama hilo, akasema, walikubaliana nyumba, hawakukubaliana milango. Kama ni hivyo hauzi.

Kwa dakika nzima nyumba ilikuwa si ya Rahila. Alikiona kile chumba cha juu ya ghala, pazia, zamu ya choo, na miaka mingine sita. Angeweza kunyamaza. Angeweza kununua kwanza halafu asiuzibe, na Bi Bakhita angelipata maji yake vile vile, mpaka siku Rahila atakapokufa. Lakini alikuwa amechoka na haki zinazokaa juu ya roho ya mtu mmoja.

"Sheikh," akamwambia kadhi, "muulize Bwana Ghanim anachelea nini. Marehemu baba yake aliapa msikitini mlango huu haufungwi. Mimi sikuleta neno langu. Nnaomba liandikwe neno la baba yake."

Kadhi hakuwahi hata kuuliza. Mmoja wa wale wazee watatu akasema, "Nlikuwapo siku ile." Wa pili akasema hata yeye. Ghanim akawatazama, watu waliobeba jeneza la baba yake, watu ambao kila Ijumaa atakaa nao safu moja. Akasema, kwa sauti ndogo, na iandikwe. Akatia saini hakumtazama mtu.

Walihamia wiki iliyofuata. Vyombo vyao vyote vilipakiwa juu ya punda wawili, na punda wa pili hakuwa na mzigo wa maana. Aflah hakuja.

Na msidhani Rahila hakuumwa. Alifunga mlango wa mbele kwa ufunguo, akaufungua, akaufunga tena, kama mtoto na kitu kipya. Kisha akageuka, na kule nyuma kijimlango kilikuwa wazi, mtu yeyote aingie. Sala yake ya miaka sita ilikuwa imejibiwa nusu, na nusu ya pili aliitoa mwenyewe. Akakaa juu ya ukingo wa kisima, akaona uchungu kidogo, kisha akainuka akaenda kutafuta chungu.

Alasiri sauti ikaita kwenye kijimlango, "Hodi hapa," na Bi Bakhita akatoa mkono tu, mwili umebaki upande wake. Mkononi alikuwa na kisahani cha udongo, na ndani yake mikate myembamba iliyopakwa samli, bado ya moto.

"Kwa mgeni," akasema, akaondoka. Hakusema jirani. Rahila aliisikia tofauti, na aliona ni haki yake kuisikia.

Akampa Kheiria mikate. Akatia mkono ndani ya kapu la vyombo, akatoa nyundo, akaenda kwenye kijimlango. Komeo lilikuwa limeshikwa kwa misumari minne mikubwa iliyopata kutu. Aling'oa wa kwanza, wa pili, akavunja ukucha, akatukana kidogo kwa Kiswahili, akang'oa wa tatu. Alikuwa kwenye wa nne Aflah alipoingia uani. Amekuja, kidole chake kimeshika tasbihi, uso kama mtu aliyepotea njia akaona ni aibu kuuliza.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Nnalitoa komeo, shemegi."

"Hati si imeandikwa? Liache basi, huna haja ya kulipiga."

"Hati iko kwa kadhi. Komeo liko hapa kwangu, na usiku nikiwa na hofu nnajijua mkono wangu utakwenda wapi."

Aflah akaitia tasbihi mfukoni. Kisha akajikunja, magoti yanalia, akaushika ubao kwa mikono miwili usicheze, na msumari wa nne ukatoka.

Rahila akaliosha komeo kwa maji ya kisima mpaka kutu ikapungua. Kisahani cha udongo kilikuwa kidogo mno kwa chuma kile, basi akaichukua sahani ya maua ya waridi, akaliweka ndani yake na misumari yake yote minne, akalifunika kwa kitambaa cheupe, na kile kisahani akakiweka juu. Akapita kwenye kijimlango, akagonga kwa Bi Bakhita.

Bibi akakifunua kitambaa. Akalinyanyua komeo, akalipima kwa mkono, akaihesabu misumari kwa kidole kama anayehakikisha hakuna uliobakishwa. Wanawake wengine wa safu ile walikuwa wametoka milangoni.

"Ehee," Bi Bakhita akasema. "Hii sasa ni sahani ya jirani."

Akaingia nayo ndani kutafuta cha kuirudishia.